Kumanjayi Wawili

3 Machi 1998

Mwanangu Marlene,

Hujambo huko Darwin? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayonisumbua. Ndugu yako tumeshamzika. Daktari Prentice kaandika kwamba alikwepa sindano za moyo, "kama kawaida yao hawa wenyeji". Mwongo mkubwa! Kila mwezi nilimfikisha mwenyewe mlangoni pa zahanati. Wewe ndiwe unayeorodhesha vifo huko ofisini. Nitafutie ukweli. Nataka mtu huyo aumbuke.

Mama yako

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na magoti. Faili nimeliona. Mzee mmoja wa hapo kwetu alipofariki, vijana wawili wenye jina lake mliacha kuwaita kwa jina hilo, mkawaita Kumanjayi, yaani asiyetajwa jina, kama desturi yetu: jina la marehemu halitamkwi. Zahanati nayo ikawawekea faili moja! Yule mwenzake mcheza mpira anachomwa sindano Jumatatu, ndugu yangu akija Jumatano anaambiwa, "Umeshachomwa, nenda." Miezi saba hakuchomwa, mama. Muuguzi alimwonya Prentice, akamjibu, "Hawa wote ni Kumanjayi."

Kesi ya uchunguzi wa kifo chake ni tarehe 14 Mei. Wakili anataka jina halisi la ndugu yangu litajwe mahakamani. Wewe usilitaje, tutaliandika kwenye karatasi.

Binti yako

6 Aprili

Marlene,

Salamu nimezipata. Karatasi? Karatasi ndizo zilizomuua. Niache.

Mama

20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Hii ni barua ya tatu tangu kesi, na bado hujajibu.

Nilipolitaja jina lake mlitoka mbio mkiziba masikio, wewe na shangazi zako. Mlifanya ilivyopasa. Basi hamkuona yaliyofuata. Nilimwambia hakimu, "Huyu bwana naye alitaje." Prentice akalitaja, akalikosea. Nikamwambia, "Hilo silo. Rudia." Akarudia, uso umemwiva. Mara ya nne ndipo akalipatia, na machozi yakamtoka. Nilifurahi, Marlene. Sikuficha. Hakimu ameandika kwamba ndugu yako hakukwepa sindano hata moja, na kwamba zahanati ndiyo iliyomfukuza. Prentice kafungasha virago.

Hapa nyumbani hakuna anayeniamkia. Shangazi zako wakiniona dukani wanageuza njia, wanasema nimemwita marehemu arudi. Na waseme. Ningeambiwa nilitaje tena kesho, ningelitaja.

Lakini wewe niandikie, mwanangu. Au na wewe unaniogopa?

Mama yako