Marahaba kwa Watu Nisiowajua

Jumatatu, 3 Machi

Umerudi, ewe mwanamke. Siku kumi na moja daftari limelala kabatini kama soksi isiyo na mwenzake. Mjukuu wako alikufundisha kuandika uzeeni ili iweje? Haya, kaa, sema. Najigombeza mwenyewe – nani mwingine anasoma humu?

Huyo mjukuu wangu, fundi cherehani, alinirekodi nikimfokea kwa kushona mkono wa kushoto upande wa kulia. Akaniweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, anakouzia magauni. Hodi hakupiga. Sasa watu elfu mbili wameandika: shikamoo bibi.

Nikamuuliza, umewaitikia? Akacheka. Eti huko hawangoji jibu.

Hawangoji? Kwani wameamkia ukuta?

Jumanne, 4 Machi

Alipokuwa anakata kitambaa, nikachukua simu yake. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Kidole kimoja, miwani puani. Mmoja yuko kifua wazi kwenye picha, nikamwongezea: vaa sweta, mwanangu. Nilipomaliza wa mia mbili na kumi na tatu – simu ikagoma.

Alhamisi, 6 Machi

Wenye mtandao wameufunga ukurasa. Eti anayerudia neno moja mara zote hizo si mtu, ni mashine. Nimezaa saba, niitwe mashine!

Mjukuu hajanifokea. Hilo ndilo linaniuma. Amekaa mbele ya cherehani, mguu haukanyagi. Wateja wake wote wamo humo, na bibi harusi wawili hawajatuma vipimo. Nikamwambia nisamehe, mama. Akasema na yeye hakuniomba ruhusa.

Nimewaza kutwa. Mimi naona kuacha salamu bila jibu ni ufidhuli. Wenye mtandao wanaona kuitikia ndiyo ufidhuli. Na mtoto niliyemlea mwenyewe hakuona vibaya kunipeleka mbele ya watu elfu mbili na nguo ya kufulia.

Nikajaribu kumtungia uzi sindanoni. Nikashindwa. Akaupokea.

Jumamosi, 8 Machi

Amewaandikia wenye mtandao kuwaomba wafungue. Akanisomea: aliyejibu ni bibi yangu, ni mtu. Tunangoja. Simu iko mezani, tunaichungulia kama mgonjwa.

Wakifungua, ile video niifute? Ameniuliza leo. Kwanza nikaonja utamu wa kuulizwa. Kisha nikasema iache, kuna watu sijawaitikia.

Ukilifungua tena daftari, usikawie hivi. Kama ukurasa umerudi, omba simu kwanza. Halafu anzia yule wa mia mbili na kumi na nne – na kila mmoja mpe neno lake.