Zuhura Alivyopiga Magoti Mtumbwini

Kivukoni, Mto Malagarasi

Kwako mama,

Shikamoo. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, usimpe mjomba akusomee. Mgongo unaendeleaje? Ile homa ya mvua imekuacha? Mimi mzima, mikono tu imeota sugu kwa kupiga kafi. Dada Zuhura naye mzima. Nasema hivi mapema kwa sababu utakayoyasoma mbele yatakushtua.

Alifika Jumatatu. Alishuka treni Uvinza, akapanda lori mpaka hapa. Hata hatujasalimiana vizuri akaanza: "Hamisi, mama kanituma nije nikuchukue. Mjomba kakuwekea cherehani. Funga mzigo."

Unanijua mimi na kile kiti cha cherehani, nikikikalia nusu saa tu miguu inawasha. Ndiyo maana mwaka jana niliondoka nyumbani Gongoni alfajiri bila kuaga, na hilo najua bado linakuuma. Mwaka mzima nimevusha hapa watu na mihogo ya kijiji chetu cha ujamaa, na hata hapa sijatulia. Nikisikia mtu katoka Kigoma namuuliza habari za ziwa mpaka ananichoka. Babu alikuwa mpagazi, alivuka mto huu huu na mizigo ya watu begani, akiwa mdogo kuliko mimi. Nadhani miguu yake nimeirithi mimi.

Zuhura akasema ana barua yako, umeiandika kwa mkono wako kule kwenye kisomo cha watu wazima. Alikuwa kaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwambia, "Usinipe kwanza. Twende mtoni uione kazi yangu, halafu nitasoma." Kusema kweli nilikuwa naikimbia hiyo barua.

Alikuwa hajapanda mtumbwi maisha yake. Sisi Tabora tungepanda wapi? Nikamkalisha katikati, chini kabisa, nikamwambia kaa kama gunia. Akashika kingo kwa mikono miwili, macho kayafumba.

"Unayumba."

"Hauyumbi. Ni wewe unayetetemeka."

"Hamisi, ukinizamisha nitakuua."

Tulipofika katikati akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akatia vidole majini. "Na wewe unapita hapa kila siku?" Nikaona kaanza kuupenda, nikampa kafi. Mara tatu alinirushia maji usoni, mara ya nne mtumbwi ukaenda. Alicheka, mama, vile anavyocheka jikoni wewe ukiwa umetoka.

Tunakaribia ng'ambo, ukatokea mtumbwi wa mwenyekiti wa kijiji kwenye matete. Mzee mwenye mvi kichwa kizima, amekaa na mbuzi wake wawili. Sasa wewe ndiye uliyemfundisha Zuhura kwamba mtoto wa kike hamsalimii mtu mzima huku amekaa. Nikamwona anaweka kafi chini. Nikasema, "Dada, kaa." Wapi. Akajigeuza upande wa mzee, akapiga magoti yote mawili, akainamisha kichwa. "Shikamoo baba."

Tukapinduka.

Usiogope, maji yalikuwa ya kifuani. Lakini kwenye matete ndiko mamba wanakolala, na pale mimi sikucheka. Nilimkamata kwa kanga, nikamvuta mpaka akashika ubavu wa mtumbwi. Anakohoa, maji yanamtoka puani, na bado akamgeukia mzee: "Shikamoo."

"Marahaba mwanangu," mzee akasema. "Ila huku mtoni tunasalimiana tumekaa." Akatushikia mtumbwi mpaka ukingoni, mbuzi wanalia njia nzima.

Hapo Zuhura akafungua pindo. Barua ilikuwa imelowa, imejikunja kama tonge la ugali. Akalia. "Barua ya kwanza ya mama, nimeiua."

Nikaichukua, nikaenda kuianika kwenye jiwe lililopata moto wa jua nyuma ya kibanda changu, peke yangu. Mama, nakuambia ukweli: nilifurahi. Nikasema haya, sasa hakuna aliyeniita. Nitamwandikia kwamba maji yameila, halafu mimi naelekea Kigoma.

Lakini wewe uliandika kwa penseli. Karatasi ilipokauka herufi zako zilikuwepo zote, zinapanda kilima kuelekea kona. "Hamisi. Ni mimi mama yako naandika. Sikuiti kwa cherehani. Nataka nikuone. Ukitaka kuondoka tena utaondoka. Safari hiyo uage."

Niliisoma mpaka jua likahama kwenye jiwe. Zuhura akanikuta pale. "Inasomeka?" Ningesema haisomeki angekubali, kisomo chenyewe bado anakikwepa. Nikamsomea yote. Akasema, "Na mimi niliyekuja kupiga kelele za cherehani."

Nakuja, mama. Zuhura anatangulia na barua hii. Mimi nangoja mwenyekiti apate mtu wa kushika kafi, kama wiki mbili. Zuhura mwenyewe angekuwa ameshaondoka, ila kakataa kwenda stesheni mpaka avuke ng'ambo na kurudi bila kulowa. Leo asubuhi kaweza. Kila mtu aliyekutana naye kamsalimia amekaa, na kila mara namwona magoti yanamcheza. Sijui nitakaa nyumbani siku ngapi, sitakudanganya. Ila nitaaga.

Mpe salamu mjomba, mwambie cherehani ampe anayeiweza. Shangazi wa Urambo akimaliza tumbaku zake akapita hapo, mwambie namkumbuka. Na mwalimu wako wa kisomo mwambie asiwahimize kuhamia kwenye wino.

Nikifika nitapiga magoti mlangoni kwako. Hapo ardhi haiyumbi.

Mwanao,
Hamisi