Meno Yangu Ndani ya Tarumbeta

Kansas City, Machi 1948

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima kabisa, ila nakuandikia upesi kwa kuwa najua mlisikia redioni kwamba Halvor Tveit ameanguka uwanjani na damu imetapakaa. Damu ilikuwa ya mwamuzi, Mama. Yangu yalikuwa meno.

Mashindano haya ya taifa ya mpira wa kikapu ya vyuo, ukifungwa mara moja unafunga virago. Tulianza na vijana wa Oklahoma, warefu kama maghala ya ngano. Walipouona upara niliorudi nao kutoka vitani, wakaanza: "Jamani, kocha wao kavaa kaptula!" Mmoja akaniuliza, "Babu, wajukuu hawajambo?" Nikamfunga vikapu viwili, akaacha kuuliza.

Zilibaki sekunde chache, wao wakiongoza kwa pointi moja. Nikaruka na wawili wao chini ya kikapu. Kiwiko kimoja kikampata mwamuzi puani, kingine kikanipata mimi mdomoni. Meno yale ya bandia niliyopewa jeshini yakaruka, yakatumbukia ndani ya tarumbeta kubwa la bendi yao! Ikapigwa filimbi ya faulo, nikapewa mitupo miwili. Lakini nani angeweza kutupa, Mama, huku ukumbi mzima ukimcheka kibogoyo?

Mwenye tarumbeta alikuwa msichana, Maxine Purdy. Wenzake wakampigia kelele: "Usimpe! Mwache atupe na fizi!" Yeye akaligeuza tarumbeta, akalitikisa mpaka meno yakaangukia kofiani, akayasuuza kwa soda, akaniletea.

"Shika, babu," akasema. "Tukishinda, tushinde kwa mpira."

Mitupo yote miwili ikaingia. Wenzangu wakanibeba, yeye akalia. Kesho yake timu ya Indiana ikatukung'uta kama zulia, lakini hilo mlilisikia.

Nilimfuata Maxine kumwomba radhi kwa kumliza. Akakubali kula nami, akamaliza sahani yake ya mbavu za kuchoma na nusu ya yangu huku akinieleza kwamba mimi ni mchezaji wa kubahatisha. Sijawahi kufurahia kusemwa namna ile. Bendi ilipoondoka, yeye akabaki hapa kwa shangazi yake.

Sasa kaa chini, Mama. Najua umemwahidi mchungaji kwamba nitamposa mpwa wake. Jana mimi na Maxine tulifunga ndoa kwa hakimu. Nilimwambia sina nywele, sina meno, shamba ni la Baba. Akanijibu kwamba mabaya yangu ameshayaona, yatakayobaki ni faida.

Jumamosi tunafika kwa treni. Kumweleza mchungaji nakuachia wewe. Mimi nilifundishwa vita vya baharini tu.

Msalimie Baba, na umwombe asicheke kabla hajamwona. Mkamwana wako anakusalimu sana. Anasoma haya begani kwangu, na anasisitiza niandike kwamba ile haikuwa faulo.

Wako akupendaye,
Halvor