Mabati ya Rimdanda

Kathmandu, 14 Bhadau

Kwa Kaka Dilliram,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, na kwamba shemeji Tulasa anakula, maana namjua, akiwa na huzuni chakula hakimpiti kooni. Magoti ya mama yakoje na mvua hizi? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo mbovu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniandikia kwamba wazazi wanne wamewahamisha watoto wao, kwamba muuza chai wa njia panda siku hizi anakupa kisogo, na kwamba ofisi ya elimu imekusimamisha kazi mpaka kamati ya shule ikae Jumapili na kuamua kama wewe ni mwizi. Miaka ishirini na sita ya kula vumbi la chaki, kaka! Umeniomba mambo mawili: nikutafutie karatasi ya Bunge ya kukusafisha, na nikwambie ni nani aliyempa Mheshimiwa jina lako. Nitakujibu yote mawili.

Kwanza nikueleze huyo Mheshimiwa Lokmani Rijal, maana huko mnamwona kwenye simu tu. Akisimama bungeni huanza polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Anavua miwani, anamsifu Waziri wa Elimu kwa shati lake jeupe, halafu ndipo anapomng'ata. Kuna siku alisema waziri huyu hata ukimwuliza ni saa ngapi, anaunda tume. Wapinzani wenzake walipiga meza mpaka glasi zikacheza, na mimi kule juu kwenye viti vya wasaidizi nikacheka kuliko wote, kwa sababu kijembe kile nilikitunga mimi. Ndiyo kazi yangu. Nyumbani niliwaambia naandika taarifa. Naandika matusi, kaka. Kila asubuhi bosi wangu huniuliza leo nimempikia nini chenye pilipili.

Habari ya mabati nilimsimulia mwenyewe, tena kwa majivuno. Nilimwambia jinsi mvua ya mawe ilivyotoboa paa la nyumba ya kujifungulia, na jinsi kaka yangu alivyotoa mabati kumi na mawili yaliyolala stoo ya shule, akapanda juu na nyundo yake, wakati kibali cha wizara kingefika mwakani. Mheshimiwa akasema mtu kama huyo anastahili shada la maua.

Siku ya mjadala wa majengo ya shule akasimama na habari ileile, lakini ameigeuza kama nguo. Akasema, "Chini ya waziri huyu hata mabati yameota miguu. Kuna shule huko Palpa, mabati ya watoto yametoka stoo yakaenda zake, na mwalimu mkuu anakula wali kwa raha." Moyo ulinipasuka. Lakini nikajipoza kwamba hajataja mtu.

Upande wa serikali ukasimama wote: "Taja jina! Taja jina!" Na unajua desturi ya ukumbi ule: asiyetaja hufuta kauli yake na kukaa, na akikaa amekwisha. Mheshimiwa akanywa maji, akavuta muda. Kisha akalitaja. Alilitaja jina lako mara tatu, na mara ya tatu alilitia neno mwizi mbele. Watu wakavamia jukwaa, kiti kikavunjika, na Spika akaamuru maneno yote yafutwe kwenye kumbukumbu.

Haikupita nusu saa nikamkuta mgahawani na waziri yuleyule, meza moja, wanachovya momo, yale madonge ya unga yenye nyama, kwenye bakuli moja la achari. Waziri anacheka, anampiga begani, anamwambia leo umenikaanga kweli. Wahenga walisema tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa hata hawakupigana, walikuwa wanacheza.

Nilimwomba Mheshimiwa kando asimame kesho yake akusafishe. Akafuta vidole, akaniambia, "Khima, si yamefutwa? Neno lililofutwa halikusemwa. Unataka nini tena?" Akaongeza kwamba kuomba radhi ni kumpa waziri fimbo, na kwamba watu husahau.

Basi nikaenda ofisi ya kumbukumbu. Bi Ambika, karani wa pale, ni mtu mwema, alinifunulia ukurasa wenyewe. Mahali pa jina lako pana mabano na maandishi kwamba maneno yamefutwa kwa amri ya Spika. Nikamwomba waandike masahihisho. Akasema kwa upole kwamba kisichokuwepo hakisahihishwi, na kwa Bunge kaka yangu hajawahi kutajwa. Yaani kaka, Palpa nzima imekuona kwenye simu, ila nyumba iliyokutukana haikujui. Karatasi unayoitaka haipo wala haitakuwepo. Maji yakimwagika hayazoleki, na wao wamekausha sakafu ya kwao tu.

Sasa swali lako la pili. Wakati wale wanapiga kelele za taja jina, mzee mhudumu wa ukumbi alipanda ngazi akanipa kikaratasi kilichokunjwa. Mwandiko wa Mheshimiwa: "Shule ya kaka yako inaitwaje? Na yeye?"

Ningeweza kukichana. Ningeweza kujifanya nimekwenda msalani. Lakini damu ilikuwa imechemka, nilikuwa nawaona wale wa serikali wanatuzomea, na sikutaka tukae. Nikaandika Rimdanda. Nikaandika Dilliram Bhusal, kwa hati nzuri, hati uliyonifundisha wewe baada ya baba kufariki. Nikakitazama kikaratasi kikishuka mpaka mkononi mwake. Sitakudanganya kwamba sikujua angelifanyia nini jina lako. Kwa muda wa kuandika maneno yale matatu, kaka, nilitaka kushinda kuliko nilivyokupenda.

Leo asubuhi nimeacha kazi. Mheshimiwa amecheka, ameuliza nani sasa atamtilia pilipili. Barua hii naitanguliza leo; mimi nitapanda basi Ijumaa, lakini barabara inaporomoka kila siku na huenda nisifike kwa wakati. Kwa hiyo Jumapili simama mbele ya kamati na uisome barua hii, yote, usiruke hata mstari ulionichafua. Ina jina langu na saini yangu, na huko kwetu hakuna Spika wa kuifuta.

Mnisalimie shemeji na watoto. Mama mwambie wewe, mimi sitaweza. Sikukuu ya Dasaini ikifika na usitake kunipaka tika ya baraka kwenye paji la uso, nitakuinamia tu hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Khimananda Bhusal,
mwandishi wa Mheshimiwa Rijal hadi leo asubuhi