Dakika Kumi na Saba za Kufumba Macho

Kitale,
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa kaka yangu mpendwa, Pasta Hesbon,

Ijumaa iliyopita, saa nne na dakika kumi na tano asubuhi, wasichana wetu walipoteza nusu fainali ya voliboli ya kaunti pale Bungoma bila kugusa mpira hata mara moja. Seti tatu kwa nunge, na kila seti ishirini na tano kwa nunge. Hizo ni pointi sabini na tano, kaka, na hakuna mkono uliozipiga. Nimetanguliza msiba mbele ya salamu nikijua ni kukosa adabu, lakini ningeanza na salamu, ungezisoma hizo, ukashukuru, ukaikunja barua.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na wifi yangu Nabwile hajambo? Mahindi yenu yamefika wapi? Sisi huku ni wazima. Mayi alirudi kutoka hospitali ya Lugulu siku ya Alhamisi, goti limeshuka uvimbe, na jana asubuhi alinikosoa jinsi ninavyosonga ugali, kwa hivyo tujue mama yetu amepona. Karakana inaendelea vizuri, tunachomelea milango ya kanisa moja hapa Kitale, mipana kuliko waumini walivyo wengi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu huwa unaanza kuniombea kabla sijafika nusu ya maneno. Barua hii ataileta fundi wangu Mukhisa, anayekuja Misikhu kufunga geti.

Wewe ulikuwepo siku hiyo, lakini ulikuwa umefumba macho. Acha nikueleze palivyokuwa.

Mechi ilikuwa ya saa nne kamili. Refa, Madam Jepkoech, alikuwa amewasomea walimu wa timu zote kanuni asubuhi ile ile, kwamba timu itakayokuwa haijajipanga uwanjani dakika kumi na tano baada ya saa yake imeshindwa. Ilipofika saa nne kasoro dakika mbili, wasichana walishikana mikono wakafanya duara nje ya mstari, nawe ukaingia katikati kama kasisi wa shule. Unajua saa yangu, ile ninayopimia rangi ikikauka. Niliibonyeza ulipoanza, kwa mazoea tu.

Uliombea nchi. Uliombea mvua isizidi na isipungue. Uliombea madereva wote wa barabara ya Webuye, wavu usilegee, mpira usipasuke, na hata wapinzani wetu waliokuwa upande wao wakipata baridi miguuni. Nahodha wao alichoka akakaa chini. Madam Jepkoech alikuja karibu akakohoa. Akaenda, akarudi, akakohoa tena. Mwalimu wa michezo, Bi Wacera, alikuwa amefumba macho, na sisi wazazi pia, au tulionekana hivyo. Nani atamgusa pasta begani katikati ya maombi? Kwetu hata kuku akiingia jikoni watu wakiomba, huachwa ale mpaka amina.

Basi saa nne na robo kipenga kikalia. Ulikuwa umeomba dakika kumi na saba. Wewe ukadhani ni shangwe, ukasema asante Baba, ukaongeza dakika mbili nyingine. Tulipofungua macho refa alikuwa amekwisha kuandika, na wenzetu walikuwa wanavua vikinga vya magoti ili waende kunywa chai. Mzee Wekoye wa bodi alinishika mkono akaniuliza ati tumeshinda?

Mtu mmoja tu wa timu yetu alikuwa ndani ya uwanja. Ni Chepngeno, yule wa kidato cha nne anayewainulia wenzake mipira wapige. Alikuwa amesimama mahali pake karibu na wavu, magoti yamekunjwa kidogo, mikono tayari, peke yake katika uwanja wa watu sita. Unamjua. Kwao hawaombi kwa sauti mbele za watu, baba yake Kiplagat anasema maombi ni ya chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kwa hivyo kila mechi, duara likianza, yeye huenda kando akafunga kamba za viatu. Siku hiyo nilimhesabu, alizifunga mara kumi na moja. Muhula uliopita aliwahi kumwambia Bi Wacera katikati ya maombi kwamba refa anaita, akafyekeshwa nyasi siku mbili kwa utovu wa heshima. Safari hii alinyamaza, akaingia uwanjani kama kanuni ilivyosema.

Sasa angalia tulivyomlipa. Jumamosi bodi ilipokutana, mimi nikiwa mjumbe wa wazazi na wewe mjumbe wa kanisa, hakuna aliyesema neno juu ya saa. Mzee Wekoye alisimama akasema duara lilikuwa na pengo, na palipo na pengo baraka hutoka kama maji kwenye mtungi uliotoboka. Akataka Chepngeno aondolewe kwenye timu. Mwalimu mkuu Kemboi, ambaye hapendi kelele, akasema msichana akae nyumbani kwanza hali itulie, kura ipigwe Ijumaa hii. Nikauliza kama shule hii si ya serikali, na kama katiba haisemi kwamba hakuna dini ya taifa. Wekoye akaniuliza kama serikali ndiyo iliyotoa shamba ambalo shule imesimama. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana mzee akikupiga kwa ulimi vizuri lazima umpe haki yake. Lakini kiwanja kilitolewa na kanisa, nguzo za wavu nilichomelea mimi, na Chepngeno hakutolewa na yeyote kati yetu.

Wewe ulisema jambo moja tu. Ulisema ulitaka kumaliza mapema, lakini ulisukumwa kuendelea. Watu wakaitikia amina. Halafu Jumapili ukahubiri juu ya Akani aliyeficha kitu kambini hata Israeli wakashindwa vitani. Hukutaja jina. Hukuhitaji, maana kanisa zima liligeuka kutazama ile benchi ya nyuma ambayo wasichana wa timu hukalia, na binti yangu Phelista aliporudi nyumbani aliniambia kwamba khocha wake, mjomba wake mwenyewe, amemhubiri rafiki yake. Hakula chakula cha jioni. Huyo ni mtoto ambaye hajawahi kuacha chakula tangu ajue kijiko.

Jana nilifunga karakana saa sita nikapanda mpaka kwao Chepngeno, huko mlimani. Nilimkuta anakama ng'ombe, amevaa ile jezi namba saba. Babake alinikaribisha maziwa ya mursik, akaniuliza kwa upole kama nimekuja kuichukua jezi. Nikamwambia hapana. Akaniambia mwezi ujao kuna mashindano ya mwaliko hapa Kitale, na makocha wa vilabu watakuja kuchagua wasichana wanaomaliza shule. Chepngeno amefanyia mazoezi siku hiyo miaka mitatu, anapiga mpira kwenye ukuta wa ghala mpaka ukuta umebonyea. Akiondolewa Ijumaa, hakuna mwaka mwingine. Mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kuomba chumbani, kama ni kosa basi wamfyekeshe yeye nyasi.

Kaka, sasa nakuja kwenye kile kilichonifanya nianze barua hii mara nne na kuitupa mara tatu.

Uliposema ulisukumwa, hukusema uongo. Ila aliyekusukuma ni mimi.

Asubuhi ile Phelista alipofungua mfuko wa viatu vipya nilivyomnunulia sokoni Kitale, alikuta vyote viwili ni vya kushoto. Mimi ninayepima chuma kwa milimita, nilinunua viatu namba thelathini na tisa, kushoto na kushoto, na vile vya zamani nilikuwa nimewaachia watoto wa mtaa wa Kipsongo. Nikamtuma mtu wa bodaboda madukani Bungoma, akaniambia dakika kumi na tano. Msichana wa akiba alikuwepo, amevaa, amejipasha moto misuli, angeweza kuanza badala ya Phelista. Sikutaka. Nilitaka mwanangu aanze. Na hesabu yangu ilikuwa hii: nimetazama mechi tisa za shule, na katika zote tisa hakuna refa aliyethubutu kupuliza kipenga pasta akiomba. Nikasema maombi yatasimamisha saa.

Dakika ya sita ulikuwa unamaliza. Ulifika kwenye “kwa hayo machache”, ukafungua jicho la kushoto kama kawaida yako, ukaniona kando ya uwanja nikikuzungushia mkono, zidisha, zidisha. Ukafumba jicho ukarudi kwenye mvua. Sisi wawili tunajua. Viatu vilifika saa nne na dakika kumi na sita.

Nilimwambia Chepngeno hayo jana pale zizini. Hakushangaa. Alisema, Mama Phelista, mimi nilikuona. Alikuona ukifungua jicho, akaniona nikizungusha mkono. Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya mwalimu mkuu. Akacheka kidogo akasema angesemaje aliona, na kosa lake ni hilo hilo la kutofumba macho? Akaendelea kukama.

Mimi ni Mkristo, kaka, na sitaacha kuomba. Lakini nilimfanya Mungu mtu wa kuzuia saa kwa ajili ya jozi ya viatu, na mtoto wa wenyewe ndiye anayelipa. Ijumaa saa nane mchana nitasimama mbele ya bodi niseme yote, pamoja na viatu. Kisha nitatoa pendekezo: uwanjani kila msichana aombe au asiombe kwa namna yake, mtu mzima yeyote asiwaongoze wala kuhesabu nani amesimama wapi, na Chepngeno arudi akiwa amevaa namba saba. Anayetaka kuombewa atakuja kwako kanisani, na hapo omba hata saa mbili, nitaleta chai.

Nikisema peke yangu, Wekoye atasema ni mama anayetetea rafiki wa bintiye. Ukisimama nami, kura itapita. Nimehesabu: bila wewe tuna wanne kwa saba, nawe tuna saba kwa wanne, kwa sababu wale wawili wa nyuma huangalia mkono wako kabla ya kuinua wao.

Mayi anakusalimu, anauliza lini utakuja kula kuku aliyekuwekea. Phelista anakusalimu pia, ingawa nilimlazimisha. Msalimie wifi yangu na watoto wote, na umpe Mukhisa uji kabla hajaanza kazi, akiwa na njaa geti huenda upande.

Nataka jibu lako la maandishi, mkononi mwa Mukhisa, kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Usiniandikie kwamba utaliombea jambo hili. Utasimama Ijumaa useme ulichokiona kwa lile jicho la kushoto? Ndiyo au hapana.

Ni mimi dada yako,
Rispah