Kijiko cha Mama Kimepasuka, Barasa

Ndugu yangu Barasa,

Kosa wanalofanya wengi wakianza kuchonga kijiko kwa mashine ni kukata umbo lake kwanza. Wanakichora ubaoni, wanapitisha msumeno wa umeme kuufuata mstari, wanafurahi kuona shingo na mpini, ndipo wanapotaka kuchimba shimo la kuchotea. Sasa watakibana wapi? Kitu cha mviringo hakishikiki kwenye jiliwa. Kinageuka, grainda ya kuchimbia inaruka, na ukiwa na bahati unapoteza kijiko, si kidole. Chimba kwanza, ubao ungali na pembe nne. Umbo litafuata.

Najua ungecheka. Namfundisha fundi kazi yake. Lakini nilifundisha hesabu Kajiado mpaka nikastaafu, na mdomo huu haukustaafu nami.

Kijiko cha Mama kimepasuka. Kile ulichomchongea umeme ulipofika karakanani kwako hapa Kitengela, meno yake yalipokwisha na kijiko cha chuma kikawa kinamuumiza ufizi. Tangu hapo hakunywa uji kwa kingine. Alikiosha mwenyewe. Sasa kimefunguka katikati. Nilimletea cha plastiki, akakisukuma. Nilimletea kidogo cha kulishia mtoto, akageukia ukuta. Anaonja uji, anasema ameshiba. Anakonda, Barasa.

Ndiyo maana nilifungua karakana yako.

Nilikuonea wivu ukiwa hai, na bado ninakuonea, ingawa sijui mtu humwoneaje wivu aliye kaburini. Mlango wako ulikuwa umefungwa tangu tukuzike, lakini watu bado wanaelekezana, "Pinda pale kwa Barasa." Mimi niliyefundisha nusu ya Kajiado nikipita sokoni wananong'onezana, "Huyo ni ndugu ya Barasa." Na mimi ndiye mkubwa!

Kijiko cha kwanza nilikata umbo kwanza. Kiliruka mpaka uani. Cha pili nilichimba kwanza, kwa diski ya msasa mnene, taratibu, kisha nikakata. Kilipendeza. Nikampelekea Mama, akakitia kinywani, akakitoa.

"Mwalimu," akasema, "hii kijiko iko na mdomo mnene. Inaongea sana kama wewe."

Mkeo Nekesa alicheka mpaka akajifunika leso.

Mdomo mnene ni woga. Anayeanza huogopa kutoboa, kwa hiyo huacha mti mwingi ukingoni. Dawa yake ni kupunguza kutoka nje, kidogo kidogo, ukisimamisha mashine kila mara na kuubana ukingo kwa vidole viwili. Vidole huhisi unene ambao macho hayauoni. Kisha zima umeme. Sugua kwa mkono kufuata nyuzi za mti, lowesha, acha zisimame, zikikauka sugua tena. Mwisho paka mafuta ya kupikia. Haya yote niliyajua baada ya kuharibu vipande viwili vya mzeituni mwitu ulivyovinunua Bisil, vile ulivyokuwa ukivificha nisivipigie misumari.

Jana nikampa cha tatu. Akachota. Akameza. Nilikaa mbele yake kama mwanafunzi anayengoja alama. Akachota tena, na tena, akakwangua bakuli mpaka chini, akalamba kijiko pande zote mbili. Halafu akanitazama.

"Barasa amekufundisha vizuri," akasema.

Wewe! Lini? Siku gani ulinifundisha? Kila nilipoingia karakanani ulizima mashine, ukanipa kiti, ukaniambia, "Kaka, utachafua shati." Nilifungua mdomo kumweleza Mama ukweli, kwa utaratibu, tangu mwanzo. Nekesa akanifinya mkono. Nikatazama bakuli. Lilikuwa tupu. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Basi lala salama, mdogo wangu. Nakuahidi Mama hatakosa kijiko maadamu mikono yangu haijaanza kutetemeka. Sifa atakupa wewe, nami sitabishana naye.

Jambo moja tu. Asubuhi nyingi anatuambia ulimjia usingizini, mkaongea habari za ng'ombe wa nyumbani, mkacheka. Kwangu hujafika hata mara moja.

Leo usiende kwake. Njoo kwangu.

Kaka yako