Harufu ya Mbegu za Mama

Bonde la Mattole, Kalifornia
Oktoba 14

Kwa Kaka yangu mpendwa Orrin,

Natumaini u mzima huko Portland, na kwamba baridi haijaanza kukubana kifua. Sisi hatujambo, isipokuwa mbwa wetu Moss, ambaye habari zake utazisoma mbele.

Mavuno yamekwisha na bangi imening'inia bandani. Nami bado naweka nguo za shule kwenye sanduku pale getini na kubadilishia huko zisishike harufu ya bangi, kama tulivyofanya zamani. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda basi? Watoto wa mjini walipaza sauti, "Vicheche hao! Fungueni madirisha!" Nawe ukawajibu kwamba kicheche ana kiti chake, asiyetaka ashuke. Siku hizi nayakumbuka hata matusi yale kwa hamu.

Mwalimu wetu wa kemia, Bi. Okerlund, ametueleza kwamba ukali wa harufu ile hutokana na chembechembe za salfa, za ukoo mmoja na zile za kicheche na kitunguu saumu. Ni chache mno, lakini pua huzikamata. Bangi ikikaa sana, huruka na kupotea. Nilihuzunika, maana Mama, Mungu amrehemu, alizitambua mbegu zake kwa harufu hiyo.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita Baba alitoa jokofuni mtungi wa mbegu zilizohifadhiwa pamoja na maua yake makavu, akanusa, akasema mbegu za Mama zimeharibika, hazitoi harufu tena. Alisema ataziteketeza zote Jumamosi na kununua nyingine. Mimi niliponusa, machozi yalinitoka. Nilimwambia harufu ipo, akanijibu, "Mwanangu, unanusa kumbukumbu tu." Nikaanza kuitilia shaka pua yangu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tukila chapati za maji. Moss akamkurupusha kicheche chini ya baraza, akamwagiwa uvundo wote. Shangazi Liv alitoka mbio na sahani mkononi, akimlaani mbwa na ukoo wake. Mimi nilijiziba pua kwa fulana. Baba aliendelea kupaka siagi, akauliza, "Mna nini nyie?"

Kaka, mbegu ni nzima. Ni Baba asiyenusa. Alipoulizwa alikiri kwamba tangu moshi wa ule moto wa msituni hata harufu ya kahawa haisikii. Alidhani ni kahawa ya siku hizi tu isiyo na harufu.

Jioni nilimkalisha bandani, nikafungua mtungi na kumsimulia harufu yake: kwanza kitunguu saumu, halafu kicheche aliyepita mbali, mwisho tunda lililoiva kupita kiasi. Alifumba macho. Aliniomba nirudie, nisiharakishe. Kisha akazirudisha mbegu za Mama kwenye jokofu.

Pua yangu bado ni changa, na msimu wa kupanda utakuja. Baba hajaniagiza nikuite. Lakini aliponiona na kalamu, aliuliza kama kitanda chako kina shuka safi. Nimeshalitandika.

Shangazi Liv anakusalimu sana, na Moss pia, kwa mbali.

Mdogo wako akupendaye,
Tamsin